Kabla mtoto hajapanda boda, uliza na klachi
Wazazi wengi Karatu humuuliza bodaboda wa shule kuhusu kofia ngumu. Klachi hawaiulizi, na kwenye vilima vya Rhotia hiyo nayo ni usalama. Injini ikinguruma bila pikipiki kuongeza mwendo, au harufu ya kuungua ikisikika, pleti zinateleza; mlimani chombo chaweza kuishiwa nguvu na watoto wakiwa juu.

Kinachozila ni mishikaki, kupanda klachi ikiwa imebanwa nusu, na oili isiyo ya pikipiki. Mkono wa klachi nao usikazwe mno: pikipiki nyingi huhitaji ulegevu wa milimita 10 hadi 20. Sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi hurahisisha kupanda, ingawa hupunguza kasi. Kwa abiria wa darasa la pili, afadhali.

Kuteremkia Mto wa Mbu, dereva asiweke gia huru. Gia ya pili husaidia breki.