Shimo Likianguka, Nyoka Njo Yenye Kosa?



Kuna mchezo wa jukwaani wa Marekani, jina lake Mr. Burns. Aliuandika Anne Washburn, na ulichezwa mara ya kwanza Washington mwaka 2012. Unaonyesha inchi ambayo umeme umezimika kabisa, viwanda vya nyuklia vimeharibika, watu wengi wamekufa. Wenye kubakia wanakaa kando ya moto na kukumbushana katuni ya televizyo, The Simpsons. Mmoja akisahau neno, mwingine anamusaidia.

Miaka 7 inapita: imekuwa kazi. Vikundi vinaicheza ile katuni na kuuziana maneno yake. Miaka 75 tena, watu wasiojua televizyo wanaiimba kama vile tunaimba kanisani.

Lakini angalieni. Katika katuni yenyewe, mwenye kutaka kumuua mtoto Bart ni Sideshow Bob, mchekeshaji aliyetoka gerezani. Mwishoni mwa mchezo ni Mr. Burns, mwenye kiwanda cha nyuklia. Hakuna mtu aliyeamua kubadilisha. Watu walikumbuka tu kile kilichowaua.

Kuanguka, sisi wa Katanga tulisha kukuonja. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na Gécamines, ile wazee walikuwa wanaita baba na mama, ikalegea. Hadithi zetu pia zinakomaa. Leo shimo likianguka utasikia: "Nyoka ya mulima njo ilikamata bantu, ilikuwa na njala."

Mimi delege nilisikia maneno hayo kwenye kilio kimoja. Nikauliza: miti ya kushikilia shimo ilikuwa wapi? Nani alisema bashuke na mvua ile? Kila mtu akaangalia chini. Mjane alipewa mufuko mumoja wa unga, basi.

Wale wa kwenye mchezo walisahau karibu yote, lakini patroni hawakumusahau. Sisi tunamuficha patroni nyuma ya nyoka, na nyoka hailipi mjane.

Sikatazi hadithi, hata mimi ninazipenda. Lakini kwanza tuandike: jina la marehemu, tarehe, shimo gani, nani alikuwa ananunua madini yake. Kila timu iwe na daftari moja. Bei yake haipiti chupa ya Simba.