Maktaba ya Muziki Yahitaji Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hiyo ya wahenga, kwa maoni yangu, yawahusu pia walimu na wanafunzi wanaorundika nyimbo katika tarakilishi wakadhani wamejenga maktaba.

Hebu tuchukue mfano wa wimbo maarufu wa rege, "No Woman, No Cry", wake Bob Marley. Ulitoka mwaka wa 1974 katika albamu ya Natty Dread. Hata hivyo, uliovuma zaidi duniani ni ule uliorekodiwa jukwaani katika ukumbi wa Lyceum, London, Julai 1975: wa polepole, mrefu, na uliojaa sauti za umati. Isitoshe, mtunzi aliyeandikishwa si Marley bali ni Vincent Ford, rafikiye wa mtaani Trenchtown, Kingston. Wapo pia wanaodhani kuwa jina la wimbo lamaanisha pasipo mwanamke hapana kilio, ilhali katika lugha ya Wajamaika ni maneno ya kumliwaza mwanamke asilie.

Je, mwanafunzi atakayekuta faili iitwayo "wimbo wa 7" atayajuaje haya? Ataihakiki rekodi ipi?

Suala la pili ni ubora wa sauti. Sahani ya CD huhifadhi vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde kwa kila upande. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ina takriban sehemu moja tu kati ya kumi na moja za data hiyo. Makofi ya umati na mlio wa matoazi ndivyo huathirika upesi.

Najua wapo watakaodai kuwa sikio la kawaida halitambui tofauti. Huenda ni kweli kwa anayesikiliza ndani ya matatu. Lakini maktaba huwekewa vizazi vijavyo. Faili ya FLAC hupunguza ukubwa bila kutupa chochote, na kutoka kwayo waweza kutengeneza MP3 wakati wowote. Kinyume chake hakiwezekani, kwani kilichotupwa hakirudi.

Kwa hivyo, mwalimu, anza na CD chache zilizonunuliwa kihalali. Andika mwimbaji, mtunzi, mwaka na mahali pa kurekodiwa. Kisha weka nakala mbili, kila moja mahali pake. Nyimbo ishirini zenye nasaba zitamfaa mwanafunzi kuliko elfu mbili zisizojulikana zilikotoka.