Je, wajua spika sita huweza kuimba kitu kimoja?

Kwenye maduka ya vyombo vya umeme ya Barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu, na kwenye vibanda vya Kondele, boksi la hom thieta hujinadi kwa tarakimu nene: wati 10,000 PMPO. Tarakimu hiyo haina kipimo kinachoisimamia. Kila kiwanda hujihesabia kinavyopenda. Soketi ya ukutani ya Kenya hutoa volti 240, na fyuzi kubwa kabisa ya plagi yake ni ya ampia 13. Zidisha, upate wati 3,120. Boksi la wati 10,000 lingemaliza soketi tatu na bado lisishibe. Ukitaka ukweli, geuza chombo usome kibandiko cha mgongoni, panapoandikwa umeme kinaokula.

Lakini hilo la wati ni dogo. Kubwa ni kwamba unaweza kununua spika sita, ukazitandaza sebule nzima, na usipate 5.1 hata kidogo.

Filamu iliyotengenezwa kwa 5.1 hubeba sauti sita zilizotengwa: kushoto, kati, kulia, mbili za nyuma, na ya sita ambayo ni ya mngurumo pekee. Hiyo ya sita huandikwa “.1” kwa sababu inaishia kwenye Hz 120, ilhali sikio la mtu husikia hadi Hz 20,000. Ukiunganisha king'amuzi kwa zile waya mbili, nyekundu na nyeupe, zinazopita ni sauti mbili basi. Chombo kinachukua hizo mbili na kuzinakili kwenye spika zote. Mtangazaji wa mpira, aliyestahili kukaa katikati chini ya runinga, anakupigia kelele kisogoni pia, pale palipotengewa mashabiki. Hom thieta nyingi za bei nafuu haziwezi zaidi ya hapo, kwa kuwa hazina tundu la HDMI wala la kebo ya mwanga.

Risiva ya kweli inafumbua kifurushi. Dolby Digital, iliyoingia sinema mwaka 1992 na filamu ya Batman Returns, hubana sauti zote sita ziwe mkondo mmoja wa tarakimu. Risiva huufungua, hugawa kila sauti kwa spika yake, na kuipa nguvu. Kwa hiyo kanuni ya waya ni moja: king'amuzi, mashine ya michezo na kicheza diski vyote viingie kwenye risiva kwa HDMI, kisha kebo moja itoke kwenda kwenye runinga. Je, filamu ikichezwa na programu iliyo ndani ya runinga yenyewe? Kebo ile ile hurudisha sauti nyuma, mradi umeichomeka kwenye tundu lililoandikwa ARC pande zote mbili. Halafu ingia kwenye mipangilio ya runinga. Sauti inayotoka ikiwa imewekwa PCM, kwa njia hii ya ARC utarudishiwa mbili tu. Wengi huishia hapo wakidhani risiva ni mbovu.

Kazi ya risiva nisiyochoka kuisifu, ingawa hakuna muuzaji anayeitaja, ni kupanga muda. Kwenye joto la nyuzi 30, la mchana wa kawaida Kisumu, sauti hukimbia mita 349 kwa sekunde, yaani takriban sentimita 35 kwa kila milisekunde. (Kwamba mji uko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari haibadilishi kitu, kasi ya sauti hufuata joto.) Tuseme spika za mbele ziko mita tatu kutoka kwenye kochi, na za nyuma, kwa ufinyu wa chumba, ziko mita moja. Sauti ya nyuma itafika milisekunde sita kabla ya ile ya mbele. Ni kitambo kidogo sana, lakini sikio hukitambua: mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas alieleza kwamba sauti mbili zinazofanana zikifuatana kwa karibu, tunazisikia kama moja, inayotoka pale ilipoanzia ya kwanza. Ukiandika umbali wa kila spika kwenye risiva, huzichelewesha za nyuma kwa milisekunde hizo sita. Chukua futi kamba, upime hadi kichwani pako, si ukutani.

Waya nazo zina adabu yake. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na uzi wa shaba usichomoze hata mmoja ukagusa jirani, maana risiva itajizima papo hapo ikijilinda. Spika moja ya mbele ikigeuziwa waya, koni yake huvuta hewa wakati mwenzake anasukuma, na besi zinauana katikati ya chumba. Waya zikiwa za rangi moja, zichomoe kwenye risiva, kisha gusisha ncha zake kwa betri ya tochi ya volti 1.5, mguso mfupi tu, huku ukitazama koni. Ikiruka kuja nje, waya ulioshika upande wa chanya ndio mwekundu.

Sasa muziki wa benga. Rekodi za D.O. Misiani na Shirati Jazz hazikutengenezwa kwa 5.1, hivyo hazina sauti ya sita. Uzi mnene wa gita la besi hushuka hadi Hz 41, wimbi la mita nane na nusu, refu kuliko sebule nyingi. Risiva ikiwa imeambiwa spika za mbele ni kubwa, besi yote huzipelekea hizo, na wufa, ile spika ya mngurumo, hukaa kimya. Iambie ni ndogo, na mpaka wa besi uwe Hz 80. Hapo besi itahamia kwenye wufa. Baada ya hapo, zima spika za nyuma na usikilize kwa stirio. Gita mbili za benga zinazojibizana hazihitaji kunakiliwa mgongoni.

Kuunganisha kila kitu mahali pamoja kuna hatari yake mwambao huu wa ziwa. Upepo wa ziwani wa mchana hupanda kuelekea nyanda za juu na kuzaa radi za alasiri, na radi ikipiga karibu, mshtuko wake huweza kupitia kebo ya dishi hadi kwenye king'amuzi, kutoka hapo kwa HDMI hadi kwenye risiva, kisha runinga. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi: chomoa plagi, na kebo ya dishi pia, kabla wingu halijafika.