Maziwa Hayaui Sumu, Wala Hayatoi Kokwa la Embe

"Dokta, nimpe maziwa kiasi gani?" Swali hili hunifikia kwa simu za usiku, kwa ujumbe wenye picha ya pakiti iliyotafunwa, na mlangoni mwa kliniki kutoka kwa mtu aliyembeba mtoto wa mbwa kwenye khanga. Angalia linavyoulizwa. Mwenye mbwa haulizi kama maziwa yanafaa. Hilo alishalipitisha zamani, kwa sababu mama yake alifanya hivyo na jirani naye kasema hivyo. Anataka kipimo tu. Kipimo hakipo. Maziwa hayaui sumu, hayasukumi mfupa, hayayeyushi plastiki, na muda unaopotea kuyatafuta dukani ndio ambao daktari angeutumia kumwokoa mbwa huyo.

Nianze na sumu, maana huko ndiko imani hii ilikoota mizizi. Watu huzungumza kana kwamba sumu ni kitu kimoja. Vile vipaketi vya sumu ya panya vinavyouzwa mitaani bila lebo ya maana vinaweza kuwa na vitu tofauti kabisa, na kila kimoja kina njia yake ya kuua. Kuna viuadudu vya jamii ya oganofosfati na kabameti, ndugu wa baadhi ya dawa za kunyunyizia mboga na za kuogeshea mifugo. Hivi huzuia kimeng'enya kinachozima ishara za neva, kwa hiyo neva zinaendelea kuamrisha bila kukoma: mate yanamwagika, machozi yanatoka, mbwa anajikojolea na kuhara, mboni za macho zinasinyaa, misuli inatetemeka, mapafu yanajaa majimaji. Tiba yake ni atropini kwa sindano, inayopimwa kwa uzito wa mbwa na kurudiwa huku daktari akiufuatilia moyo. Maziwa yaliyo tumboni hayana la kufanya kwenye neva. Tena nyingi ya sumu hizi huyeyuka katika mafuta, na maziwa yana mafuta.

Kuna fosfidi ya zinki, unga wa rangi ya kijivu iliyokolea wenye harufu inayokaribia ile ya kitunguu saumu. Unga huo ukikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini, na hiyo gesi ndiyo inayoua. Tumbo likipokea chakula huongeza asidi, na maziwa ni chakula. Anayemnywesha maziwa mbwa aliyekula unga huu anaiharakisha sumu kwa mkono wake mwenyewe. Mbwa huyo akitapika ndani ya gari, fungueni madirisha yote, kwa sababu gesi hiyo hiyo inawadhuru na nyinyi.

Halafu kuna sumu zinazozuia damu kuganda, kama brodifakumu na bromadioloni, na hizi ndizo zilizoyapa maziwa sifa yasiyoistahili. Mtoto wa mbwa akizila leo, leo hana dalili yoyote. Anacheza, anakula, anabweka. Mwenyewe alimpa maziwa jioni, asubuhi anamkuta mzima, anawatangazia majirani. Siku ya tatu, ya nne au ya tano ufizi unapauka, mbwa anahema kwa shida kwa sababu damu inavujia kifuani, na hakuna anayeikumbuka tena ile pakiti. Huyo alihitaji vitamini K1 kwa majuma kadhaa, na angeletwa siku ile ile alikuwa na nafasi kubwa ya kupona. Kwa hiyo ukimsikia mtu anaapa kwamba maziwa yalimponya mbwa wake, muulize alikula nini, kiasi gani, na alikuwaje juma moja baadaye. Mara nyingi alilamba kidogo kisichoweza kumdhuru, au alisifiwa kupona kabla sumu haijaanza kazi.

Linalonikasirisha kuliko yote ni kumnywesha kwa nguvu. Mbwa anayetetemeka hamezi sawasawa. Mmoja anamshika, wa pili anapanua taya, wa tatu anamimina kikombe, na sehemu ya maziwa inaingia kwenye mapafu. Watoto wa mbwa wa namna hii hufika wakitokwa na maziwa puani, wanakoroma, na ukiweka kifaa cha kusikilizia kifuani unasikia majimaji yakichemka kila wanapovuta pumzi. Sumu ilikuwa inatibika. Haya mengine tumemletea sisi.

Kwa vitu vigumu maziwa ni upotevu mtupu. Kokwa la embe lililokwama kwenye utumbo mwembamba, ukipapasa tumbo kwa vidole unalihisi: gumu, limekaa pale pale, na mbwa anageuza shingo kukutazama. Tukifungua, kipande cha utumbo kilicholizunguka kimegeuka zambarau, au cheusi kabisa, na cheusi lazima kikatwe. Juu ya kizuizi yamejaa maziwa aliyonyweshwa siku mbili mfululizo, na kumlaza kwa dawa ya usingizi mbwa aliyejaa tumbo ni hatari, kwani akicheua yanakwenda mapafuni. Tena mbwa wengi hawayasagi maziwa vizuri. Wanaharisha, na mwenyewe akiona choo anadhani njia imefunguka, kumbe kokwa liko pale pale.

Ukweli wote usemwe: mahali pamoja maziwa husaidia kidogo. Mtoto wa mbwa akitafuna majani mabichi ya magimbi, au lile ua la majani mapana yenye mabaka meupe linalowekwa sebuleni, mdomo huwaka kwa fuwele za oksaleti, na maziwa kidogo ya kulamba hutuliza. Ni mdomo unaotulizwa hapo, basi. Mayai mabichi na mafuta ya kula hayana hata hilo. Maji ya chumvi ya kumtapisha ni mabaya zaidi, kwa sababu chumvi ikizidi katika damu hudhuru ubongo na huweza kuua yenyewe. Mkaa wa jikoni uliosagwa si ule wa hospitali.

Sasa swali lililopaswa kuulizwa tangu mwanzo: atafundishwaje asimeze? Mtoto wa mbwa huchunguza kila kitu kwa mdomo, na kati ya miezi mitatu na saba hubadilisha meno, basi hutafuna zaidi. Usimkimbize na usimchape. Anayekimbizwa anajifunza kwamba alichonacho kina thamani na kwamba pa kukificha ni tumboni. Badilishana naye. Mpe mwanasesere wake, msogezee dagaa mmoja puani, akifungua mdomo sema "toa", mpe dagaa, kisha mrudishie mwanasesere. Hicho cha kurudishiwa ndicho watu wanachosahau, na ndicho kinachomfundisha kwamba kutoa si kunyang'anywa. Kwa "acha", ficha dagaa kwenye ngumi. Atalamba, atakwaruza, nyamaza. Akijiondoa mwenyewe, mpe dagaa mwingine kutoka mkono wa pili, kamwe si ule wa ngumini. Siku zinazofuata fungua kiganja, halafu weka dagaa sakafuni chini ya kiatu, halafu mpitishe karibu naye akiwa kwenye kamba. Dakika chache mara mbili au tatu kwa siku zinatosha, mradi watoto na dada wa kazi watumie maneno yale yale.

Wakati bado anajifunza, ondoa vishawishi: sindano na uzi, ndoana, betri ndogo za rimoti (hizi huunguza koo ndani ya muda mfupi sana), mifupa iliyopikwa, vijiti vya mishikaki, magunzi, pedi, vidonge vya Panadol. Ndoo ya taka iwe na mfuniko unaobana. Mpe mpira mgumu usioingia wote mdomoni. Mtaani penye sumu iliyotegwa, mvalishe kikapu cha waya cha mdomoni. Anahema na kunywa maji humo bila shida. Akiendelea kula mawe na udongo, mlete apimwe minyoo na upungufu wa damu.

Na akishameza: chukua pakiti au mabaki yake, kumbuka saa, njoo. Kutapisha huamuliwa na daktari, na kwa kawaida hufaa katika saa moja au mbili za mwanzo; hakufai kabisa kwa mafuta ya taa, tindikali, betri, vitu vyenye ncha wala mbwa aliyezimia. Uzi ukimtoka mkunduni usiuvute, maana huenda umenasa juu na utaukata utumbo kama msumeno.

Tafuta leo namba ya daktari wa mifugo aliye karibu nawe, muulize kama anapokea wagonjwa usiku na kama ana atropini na vitamini K1. Akisema hana, tafuta mwingine sasa, mbwa wako akiwa mzima.