Nani Aliulizwa? Uwindaji wa Starehe na Wenye Pori
(Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye misafara ya pembe za ndovu iliyokuwa ikipita Tabora kuelekea Bagamoyo. Baadhi ya wasomaji wameniuliza mbona nasimulia habari za wawindaji wa kale bila kusema kama kazi yao ilikuwa njema au mbaya. Swali ni la haki, na leo nalijibu. Lakini nitaanzia mbali kidogo, kwa mnyama mdogo ambaye hana pembe wala nyama ya kugombewa.

Waingereza walibishana miaka mingi juu ya kuwinda mbweha. Watu walipanda farasi wakiwa na makoti mekundu, pembe ikapigwa, na kundi la mbwa likamfukuza mbweha mabondeni mpaka likamkamata na kumrarua. Waliotetea walisema mbweha anakula kuku na vitoto vya kondoo, kwa hiyo lazima apunguzwe, na kwamba uwindaji huo ni mila ya shamba na ajira ya watu wa vijijini. Waliopinga walijibu kwamba kumpunguza mnyama mharibifu si sawa na kuyafanya mateso yake kuwa tamasha. Mwaka 2000 kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Lord Burns ilieleza kuwa mbweha anayefukuzwa namna hiyo huumia vibaya. Bunge likatunga sheria mwaka 2004, na tangu tarehe 18 Februari 2005 kuwinda mbweha kwa kundi la mbwa ni kosa Uingereza na Wales. Scotland ilikuwa imetangulia mwaka 2002. Walowezi waliokuja Kenya enzi za ukoloni walileta mchezo huohuo pamoja na mbwa wake, wakawa wanafukuza mbweha wa nyika za huku.

Mzee wa Unyamwezi au Usukuma akisimuliwa haya hatashangaa sana. Kwao kulikuwa, na mahali pengine bado kuna, chama cha watu wanaowinda mnyama mharibifu na kuifanya kazi hiyo kuwa ngoma. Hao ni Wanunguli, wawindaji wa nungunungu.

Nungunungu hutoka usiku. Hung'oa mihogo, hufukua viazi na karanga, na asubuhi mwenye shamba hukuta matuta yamevurugwa na miiba imedondoka njiani. Wanunguli huitwa. Wanafuata nyayo hadi shimoni, na mmoja wao anaingia kwa tumbo, mkuki umetangulia mbele, mwili umebanwa huku na huku na udongo. Humo ndani ni giza tupu. Nungunungu huwapa adui mgongo na kuwarudia kinyumenyume akiwa amesimamisha miiba, na tundu lenyewe huenda likawa na nyoka, ndiyo maana chama hicho kina dawa zake za nyoka na mafunzo yake. Wenzake wamebaki mdomoni mwa shimo wakisikiliza. Akitoka na mnyama anashangiliwa, nyama inaliwa, miiba inakuwa pambo, na nyimbo za shimoni zinaimbwa kwenye mashindano ya ngoma msimu wa mavuno ukiisha.

Kwa sababu ya Wanunguli, siwezi kukubali kwamba kosa la uwindaji wa mbweha lilikuwa ni watu kuufurahia. Binadamu hufurahia kazi ngumu anayoifanya vizuri, na wawindaji huimba kama wavuvi na wapagazi wanavyoimba. Tofauti ninayoiona iko kwingine. Mnunguli ameitwa na mtu ambaye chakula chake kimeliwa. Anaingia mwenyewe kwenye hatari. Anachokiua kinaliwa. Yule wa farasi na koti jekundu alipita kwenye mashamba ya watu, mara nyingi yakiwemo ya wasiomtaka, na mwisho wa siku hakuna aliyepata kitoweo.

Wawindaji wa tembo nao walikuwa na chama chao, Wayege. Kulikuwa na dawa kabla ya kutoka, kulikuwa na miiko iliyofuatwa hata na waliobaki nyumbani, na juu ya yote kulikuwa na mtemi. Mtemi alikuwa na haki yake katika pembe za kila tembo aliyeangushwa nchini mwake, na ngozi ya simba au chui ilipelekwa ikulu kwake. Tukiita hilo leseni hatutakosea. Mnyama alikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa jirani, mtu ambaye ungeweza kumfikia kwa miguu na kumlalamikia.

Hata hivyo nisiwapake wazee wetu mafuta. Biashara ya pembe ilipopamba moto katika karne ya 19, bunduki ziliingia Unyamwezi kwa wingi, na pembe zilizopita Unguja zilikwenda kuchongwa mipira ya biliadi, vitana, na vibonye vya piano katika miji kama Ivoryton huko Connecticut, Marekani. Tembo wakapungua pande za Tabora, na wafanyabiashara kama Tippu Tip wakasukuma misafara yao ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hadi Manyema kutafuta pembe. Chama chenye miiko yote ile hakikumwokoa tembo. Aliyekuwa akiagiza pembe alikuwa mbali mno, hakuwa na habari na miiko ya mtu yeyote.

Kisha wakaja Wajerumani. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyodai leseni za kulipia na kutenga maeneo ya kwanza ya hifadhi. Waingereza waliendeleza mtindo huo baada yao, na sheria zetu wenyewe, ile ya 1974 na inayotumika sasa ya 2009, zimerithi mengi. Tazama jambo moja tu: sheria inakataza kuwinda kwa mbwa, sumu, mashimo, nyavu na moto bila kibali maalumu. Nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa, kwani tanzi la waya halichagui mnyama, na sumu huua hata tai anayekuja kula mzoga. Lakini Waingereza walipopiga marufuku mbwa walimzuia tajiri mwenye farasi. Kwetu marufuku hiyohiyo ilimkumba zaidi mtu mwenye mbwa wawili na mkuki, asiyeweza kununua bunduki wala kulipia leseni. Njia ya mnyonge imekuwa ujangili, naye mwenye rifle na dola akapewa kitalu. Jambo hili linanikera, na sitaki kulificha.

Hapo tunafika Ugalla. Pori hili la miombo na mabwawa, magharibi na kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, lilifanywa pori la akiba mwaka 1965 na kwa miongo mingi liligawanywa vitalu vya uwindaji wa kitalii. Mteja aliyetaka simba au tembo alilipia safari ya siku 21, ada ya kila mnyama, kibali, na mwindaji bingwa wa kumwongoza. Nyama iliachwa, alichoondoka nacho ni nyara, yaani fuvu, pembe, ngozi.

Wanaoutetea uwindaji huu wana hoja nzito kuliko zile za wapanda farasi. Wanasema pori kama Ugalla lina ndorobo wengi na barabara mbovu, watalii wa kupiga picha hawaji, na bila fedha za wawindaji hakuna doria wala magari. Watakukumbusha kuwa serikali ilifunga uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena 1978, na kwamba ujangili uliokuja kuzimwa na Operesheni Uhai ya 1989 ulikuwa umeshazagaa. Watakuonyesha na Kenya, iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977: katika maeneo ya wafugaji ya nchi hiyo wanyamapori wakubwa walipungua kwa karibu theluthi mbili kati ya mwaka huo na 2016.

Wapinzani nao hawakosi jibu. Tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, na miaka yote hiyo vitalu vilikuwa vikifanya kazi, Pori la Akiba la Selous likiwa kitovu cha maafa. Kwa hiyo mwindaji wa kitalii peke yake si mlinzi wa kutosha. Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo wa Tanzania mwaka 2014 kwa wasiwasi huo.

Mimi naona hoja ya simba ndiyo inayofunza zaidi. Dume linalolinda kundi likipigwa likiwa kijana, madume wageni huingia na kuua watoto wadogo ili majike yashike mimba upya. Risasi moja inaondoa kizazi kizima. Ndiyo maana Tanzania iliweka kanuni ya kutopiga simba wa chini ya miaka sita. Mwindaji bingwa hutakiwa kuitazama pua kwa darubini: ya simba kijana ni ya rangi ya waridi, kisha madoa meusi huingia mwaka hadi mwaka, na akifikia umri unaoruhusiwa nusu ya pua au zaidi imekuwa nyeusi. Fuvu na meno hukaguliwa baadaye, na nyara ya simba mchanga huzuiwa kusafirishwa. Kanuni hiyo ni mwiko kamili, unaofanana na miiko ya Wayege, na nauheshimu. Kilichopungua ni mtu wa karibu wa kuusimamia.

Vijiji vya Ipole wilayani Sikonge na Uyumbu upande wa Urambo vilijaribu kuziba pengo hilo. Viliungana kuunda jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, JUHIWAI na UWIMA, vikatenga ardhi yao, vikapata mamlaka kisheria mwaka 2006 ya kuingia mikataba na wawekezaji. Kanuni zinataka angalau nusu ya mapato ya jumuiya yaende vijijini. Hapo mwindaji mgeni anakuwa amealikwa, na mwenyeji anaweza kukataa. Huo ndio uwindaji wa kitalii ninaoweza kuuvumilia, ingawa sitaupenda kamwe. Kijiji kinachopata darasa na zahanati kutokana na nyati mzee kina sababu ya kumtunza nyati kijana. Lakini pale ambapo mgeni analipa maelfu ya dola kwa simba mmoja, na kanuni za 2011 zikaweka shilingi milioni moja kuwa kifuta machozi cha familia iliyouliwa mtu na mnyama, usitegemee mwanakijiji amripoti jangili.

Kuua kwa mchezo tu, pasipo shamba lililoharibiwa, pasipo mlaji na pasipo mwenyeji aliyeridhia, nakupinga bila kusita, awe mbweha wa Uingereza au simba wa Ugalla. Waislamu wa Tabora wamefundishwa tangu utotoni kwamba kuwinda kwa ajili ya kula ni halali, na kwamba kiumbe chenye roho hakifanywi shabaha ya mchezo. Hilo wamelijua bila kusubiri Bunge la London.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Ugalla ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Katika hifadhi ya taifa hakuna uwindaji, na waliokuwa wakipinga bunduki walifurahi. Lakini sheria ya hifadhi ya taifa haimtazami mrina asali kwa jicho tofauti na mwindaji. Warina wa Sikonge na Urambo walikuwa wakiingia porini kwa kibali msimu wa kiangazi, wakitundika mizinga ya magome juu ya miombo kama baba zao, na wavuvi wa Mto Ugalla walikuwa na msimu wao. Hao hawakuwahi kumpiga simba. Makala ijayo nitaanza na wao, na jinsi mpaka mpya ulivyowakuta.