Kinanda kibovu kikipigwa shoti

Kinanda cha kwaya mara nyingi hakifi kwa uzee. Kinauawa na adapta. Casio za zamani zinataka hasi iwe katikati ya kichwa cha adapta na chanya iwe nje, ilhali adapta nyingi zinazouzwa mezani zimepangwa kinyume. Mwanakwaya anayewahi misa ya pili anachomeka ya kwanza anayoipata. Taa haiwaki, harufu kidogo inatoka, basi. Vingine huuawa na betri zilizosahaulika ndani zikavuja na kula vyuma vya kugusia, na vingine na umeme wenyewe, maana Sumbawanga kwa miaka mingi ilikuwa ikiletewa umeme kutoka Zambia, nje ya gridi ya taifa, na kukatika na kurudi kwake kwa kishindo si habari ngeni kwa mtu yeyote. Kinachofuata kinajulikana hapa Kasense, Sumbawanga, kama kinavyojulikana kwingine kote Ufipa: kinanda kinafungwa kwenye kitenge, kinapelekwa stoo, kinakaa juu ya mabenchi yaliyovunjika mpaka siku mnunuzi wa vyuma chakavu atakapopita.

Marekani na Ulaya kuna watu wanaovisaka vinanda vya namna hiyo kwa udi na uvumba, na wala hawataki kuvitengeneza vipige sawasawa. Wanataka vipige ovyo, ila ovyo wanayoichagua wenyewe. Wanafungua mfuniko, wanakutanisha nukta mbili za bodi ambazo kiwanda hakikukusudia zikutane, wanatega sikio. Sauti ikiwapendeza, wanaweka swichi hapo. Sanaa hiyo imepewa jina la kupindisha saketi. Fundi redio wa kwetu angeiita kwa ufupi: shoti ya makusudi.

Anayetajwa kuwa baba yake ni Reed Ghazala wa Cincinnati, jimbo la Ohio. Katikati ya miaka ya 1960, akiwa bado kijana mdogo, aliacha amplifaya ndogo ya betri ndani ya droo ya meza ya chuma, mfuniko wake ukiwa wazi. Bodi ikagusa chuma, ikapiga shoti, na droo ikaanza kulia miluzi ambayo wakati ule ilitoka tu kwenye mitambo ya sauti ya bei ya kutisha. Mwingine angechomoa betri na kushukuru Mungu kwamba nyumba haikuungua. Yeye alijiuliza: kama kifaa ambacho kazi yake ni kukuza sauti tu kinaweza kulia hivi, kile kilichoundwa kutoa sauti kitafanya nini? Jina la sanaa hiyo alilitoa mwaka 1992, kitabu chake kikatoka mwaka 2005, na vyombo alivyounda vimefika mikononi mwa wakubwa kama Tom Waits na Peter Gabriel.

Tufungue kimoja tuone. Kimoja kinachopendwa sana ni Casio SK-1, iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1980. Ni ndogo, unaipakata, ina vitufe 32 vyembamba na kipaza sauti juu yake. Unakikoholea, kinanasa sekunde moja na ushee, kisha kikohozi chako kinapigika kwa noti, juu mpaka chini. Watoto waliokipata wakati ule hawakuwa na haja ya mafunzo.

Skrubu za mgongoni zinatoka kwa bisibisi ya nyota. Ziweke kwenye kifuniko cha soda, la sivyo utarudisha mfuniko kwa gundi. Chini ya vitufe utakuta utepe wa mpira wenye vidoa vyeusi vya kaboni. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa vinanda vingi vinavyosemwa vimekufa, kwani vidoa vikichafuka kitufe hakisikii, na kitambaa chenye spiriti kidogo kinatosha kukifufua. Chini yake iko bodi, na juu ya bodi chipu nyeusi zenye miguu mirefu, kila mguu ukionekana kwa macho. Miongoni mwake imo inayohifadhi sauti. Sauti haikai mle kama sauti. Inakaa kama namba, na namba zinatoka kwa kupitia njia kadhaa sambamba, kila mguu njia yake. Chukua waya mwembamba, gusisha miguu miwili ya njia hizo wakati kinanda kinapiga. Namba zinachanganyika. Filimbi inatoka ikiwa na mkwaruzo, ngoma inajikata vipande, noti moja inajirudia yenyewe bila kuguswa. Ukiondoa waya, wakati mwingine kinarudi kwenye adabu yake, wakati mwingine kinaganda mpaka uzime na kuwasha upya.

Hila ya pili ni rahisi zaidi, na inafanya kazi hata kwenye vinanda vya kuchezea vya Kichina ambavyo chipu yake imefunikwa kwa doa jeusi la gundi. Kinanda kizima kinaendeshwa na mapigo yanayotoka sehemu moja, na katika vingi vya bei rahisi mwendo wa mapigo hayo unaamuliwa na rizista moja tu. Itoe, weka mahali pake volyumu iliyochomolewa kwenye redio mbovu, chomelea kwa risasi. Sasa ukizungusha upande mmoja, wimbo wa kuchezea mtoto unashuka mpaka unakuwa ngurumo. Upande mwingine unapaa mpaka unakuwa mlio wa mbu. Badala ya volyumu unaweza kuweka kile kijicho kinachohisi mwanga, kile kinachowasha taa za nje jioni zenyewe, na kinanda kikaimba kwa kivuli cha kiganja chako.

Na ipo ya tatu, ambayo mimi naipenda kuliko zote. Nukta mbili za bodi unazivutia waya hadi skrubu mbili juu ya boksi, kisha unazigusa kwa vidole. Umeme mdogo wa betri unapita mwilini mwako, na mwili unakuwa sehemu ya saketi. Kiasi cha unyevu wa ngozi ndicho kinachoamua sauti. Huku kwetu, ambako Juni na Julai baridi na upepo wa mwinuko wa Ufipa hukausha mikono mpaka ipasuke, kinanda hicho kitapiga tofauti na kitakavyopiga Dar es Salaam. Hata ukinawa mikono kitabadilika.

Sharti moja halina mjadala: betri tu. Vinanda vidogo vinatumia betri tano au sita, yaani volti saba na nusu au tisa, na umeme huo haumuui mtu. Kinanda kinachochomekwa ukutani moja kwa moja, televisheni, redio kubwa yenye transfoma ndani, hivyo usivitie kidole wala waya, hata vikiwa vimezimwa, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme. Na ujue kwamba chipu nayo inaweza kufa. Kaa mbali na njia zinazotoka kwenye betri, na ukiona kitu kinapata moto, zima. Kwa hiyo kinanda kizima cha kwaya hakiingii kwenye mchezo huu. Tunazungumzia vya stoo.

Watu wa Casio wenyewe walianza na mashine za kukokotoa, wakahamia kwenye muziki karibu na mwaka 1980 kwa nia njema kabisa ya kumwezesha kila mtu nyumbani apige kinanda. Kinanda chao cha VL-1 kilikuwa pia kikokotoo. Unapiga wimbo, unajumlisha bei ya vitunguu. Mwaka 1981 ikatoka MT-40, na mmoja wa wafanyakazi wapya, Okuda Hiroko, akapewa kazi ya kuitungia midundo ya kubonyeza. Mdundo mmoja aliutunga uwe wa roki. Ukafika Jamaika, vijana wakaupunguza mwendo, na mwaka 1985 Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy wakautolea "Under Mi Sleng Teng", wimbo ulioigeuza rege kuelekea muziki wa kompyuta. Kitufe cha roki ndicho kilichozaa rege hiyo mpya. Tokyo hakuna aliyepanga hivyo.

Dar es Salaam nako Casio ilikuwa na kazi ambayo hakuna aliyeipanga. Mchiriku, uliozaliwa katika ngoma za Wazaramo na kukua vichochoroni mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulijengwa juu ya kinanda kidogo cha Casio cha mtumba. Ngoma kadhaa, kigoda kinachopigwa kwa vijiti, mwimbaji mwenye koo la chuma, na kinanda kilichounganishwa kwenye amplifaya iliyoundwa na fundi wa mtaani na kupigiwa kwenye spika za tarumbeta, zile za kutangazia mikutano. Amplifaya ile ilisukumwa kupita uwezo wake. Wimbi la sauti likifika kwenye kikomo cha umeme uliopo linakatwa kichwa, na hapo kwenye mkato ndipo zinapozaliwa sauti mpya ambazo kinanda chenyewe hakina. Wapiga mchiriku hawakuhitaji kufungua bodi; walikipindisha kinanda kwa nje. Wastaarabu wa mjini waliuita muziki wa wahuni. Mwaka 2012 lebo ya Crammed Discs ya Brussels ikatoa albamu ya kundi la Jagwa Music, "Bongo Hotheads", na Wazungu wakaisifu kwa kelele zile zile.

Lebo hiyo hiyo ilikwishafanya hivyo na Konono N°1 wa Kinshasa, kundi lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi katika miaka ya 1960. Mingiedi alitaka likembe yake, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, isikike juu ya kelele za mji, akatengeneza maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari. Ukali ule wa sauti haukuwa shabaha yake mwanzoni. Ulikuja na vifaa, kisha ukawa ndio muziki wenyewe. "Congotronics" ilipotoka mwaka 2004, wapenzi wa muziki wa majaribio wa Ulaya walidhani wamekutana na ndugu zao waliopotea.

Sioni ajabu hapo. Sikio la Kiafrika halijawahi kudai sauti iliyooshwa. Wagogo wa Dodoma hutoboa tundu kwenye ubao wa ilimba, ndugu yake likembe, na kulifunika kwa utando wa buibui ili kila noti iwe na mvumo wake. Kusini zaidi, mbira hufungiwa vifuniko vya chupa ili iwe na mchakacho. Kinachoitwa uchafu wa sauti na mhandisi wa studio, kwa fundi wa ilimba ni kazi ambayo bado haijafanyika. Ndiyo maana nasema, na watakaobisha wabishe, kwamba kupindisha saketi kukija kwetu hakuji kama kitu kigeni. Kigeni ni jina.

Mchiriku nao haukufa. Mwendo wake na ule wa taarabu iliingizwa kwenye kompyuta, ikakimbizwa hadi kupita mapigo 200 kwa dakika, ikawa singeli. Studio ya Sisso, Mburahati, ilifanya kazi hiyo kwa kompyuta na programu, na mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyo wa "Sounds of Sisso" uliowapeleka madijei wa uswahilini kwenye majukwaa ya Ulaya. Kompyuta ni nzuri. Ina kasoro moja: kila mwenye programu ile ana sauti zile. Kinanda kilichopigwa shoti hakina pacha. Hata mwenyewe ukifungua kingine cha aina ile ile na kuunganisha nukta zile zile, huenda kikalia vingine.

Kasense ina mikono ya kazi hii. Mafundi redio wa mwinuko huu wamezoea kufanya mengi kwa vipuri vichache, wakichomoa spika ya redio moja na volyumu ya nyingine, na Sumbawanga vipuri vipya havifiki kwa wingi kama vinavyofika Mbeya. Mababu wa Wafipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, na hawakusubiri mtu awaletee kitabu cha maelekezo. Kinachokosekana leo ni kinanda cha kuharibu bila kugombezwa, na hicho kiko stoo.

Vijana wanaotaka kujaribu waanze na rizista ya mwendo. Ni kazi ya jioni moja, na ikikataa, hasara ni ya kitu kilichokwisha kufa. Wakifanikiwa waitoe sauti kwa kuunganisha tundu la spika ya masikioni na simu, wainase, waipeleke kwa yeyote anayetengeneza midundo. Sauti ambayo hakuna mwingine aliye nayo ina soko.

Nanyi viongozi wa kwaya, kabla ya kukipima kinanda kwenye mizani ya vyuma chakavu, jambo la kwanza kifungueni mkisafishe vidoa vya kaboni, kwani huenda ni kizima. Kikigoma kabisa, kiondoeni kwenye daftari la mali, mkabidhini fundi kijana wa mtaani pamoja na betri sita na ruhusa.