Kinu cha Mill Creek: Kipya, Lakini Kina la Kufundisha

Kinu cha kupasulia mbao kwa nguvu ya maji kinachoonyeshwa Mill Creek, karibu na Mackinaw City kaskazini mwa Michigan, Marekani, si kile cha asili. Cha asili kilijengwa na Robert Campbell mnamo miaka ya 1790. Waingereza walikuwa wamekwisha kuhamishia ngome yao kisiwani Mackinac, na makazi mapya yalihitaji mbao. Kufikia mwaka 1839 hivi mahali hapo palikuwa mahame, pakasahaulika hadi wapenzi wa historia walipogundua masalia yake mwaka 1972. Wanaakiolojia wakachimba, kinu kikajengwa upya, na hifadhi ikafunguliwa mwaka 1984. Je, kuna faida gani kwenda kutazama kitu cha kuiga? Ipo, tena kubwa, mradi mgeni asiishie kinuni bali aingie na msituni.

Magofu huonyesha mahali kazi ilipofanyika. Kinu kinachotembea huonyesha kazi yenyewe. Hapo Mill Creek wageni huonyeshwa kwanza upasuaji wa mikono: mtu mmoja juu ya gogo, mwingine chini yake, wakivutana msumeno mrefu, huku unga wa mbao ukimmwagikia wa chini. Wapasuaji wengi wa Tanzania na Kenya wanaijua kazi hiyo. Kisha maji ya bwawani hufunguliwa, gurudumu huzunguka, na chuma kilichopinda hugeuza mzunguko huo kuwa mwendo wa juu na chini wa msumeno, huku gogo likisogezwa mbele kidogo kidogo. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini Campbell aliona inafaa kugharimia bwawa na mfereji.

Wapo watakaosema kwamba nakala ni uongo uliopambwa. Ingekuwa hivyo kama ingefichwa kuwa ni nakala, au kama ingebuniwa bila ushahidi wa ardhini. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kinu hutukuza ukataji miti, na katika karne ya 19 misitu ya misonobari ya Michigan ilifyekwa kwa kasi ya kutisha. Ni kweli, na ndiyo sababu njia za msituni si nyongeza ya kupumzisha macho. Anayezifuata huona kijito kilichoendesha gurudumu, miti iliyoota upya, na kazi ya biva, mnyama mguguna mwenye mkia bapa, ambaye naye huziba maji kwa vijiti na matope bila kumaliza msitu. Kinu peke yake humsifu fundi. Kikiunganishwa na msitu, huonyesha pia gharama ya ufundi wake. Kwa hiyo atakayefika Mill Creek asiondoke msumeno unaponyamaza. Nusu ya somo iko msituni.